Mzinga Upi? Miaka Yangu ya Kutafsiri Mahakamani Tabora

Mwaka 1937, nikiwa na miaka kumi na mitatu, baba yangu alianguka kutoka juu ya mti wa mninga huko Ipole akitundika mzinga wa nyuki, akavunjika kiuno, na tangu siku ile hakushika tena shoka. Nilikuwa darasa la pili shule ya misheni. Mwalimu alikuja nyumbani mara moja kuniulizia, akamwona baba alivyolala, akaondoka bila kuniuliza tena. Masomo yangu yaliishia hapo. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani kwamba mwandishi wa kurasa hizi ni mtu wa shule. Miaka tisa iliyofuata nilipasua magogo, nikarina asali, nikabeba magunia stesheni ya Tabora. Ndipo nikapata kazi ya kofia.

Nasema kazi ya kofia kwa sababu tarishi wa mahakama alipewa kofia nyekundu yenye shada, shati na kaptula ya kaki, lakini viatu hakupewa. Tarishi ni mtu wa kupeleka barua, kubeba mafaili na kuita mashahidi kwa sauti barazani. Ofisi yenyewe siitaji, wenyewe wana wajukuu. Nilifika asubuhi nikamkuta Karani Mkuu, mzee wa mjini, Mwislamu wa kanzu nyeupe, aliyechonga kalamu kwa kisu kidogo kama mtu anayemenya chungwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unajua kusoma?"

"Najua, mzee."

Akanisogezea faili. Nikasoma maneno yaliyoandikwa juu yake, herufi baada ya herufi.

"Hujui kusoma wewe. Unajua kutamka," akasema. "Lakini miguu unayo. Anza kazi."

Asubuhi ile ile akaingia Feliksi, mkalimani wa mahakama. Mkalimani ni mtu anayesimama kati ya hakimu na watu, akigeuza maneno ya huku kuwa ya kule. Hakimu wetu alikuwa Mwingereza mwenye Kiswahili cha kuagizia chai, na sheria ilitaka kila neno liandikwe kwa Kiingereza. Basi bila Feliksi mahakama ilikuwa bubu. Alikuwa mtoto wa katekista wa mjini, amepita shule kubwa ya serikali, anavaa soksi ndefu na viatu vinavyogonga saruji. Mimi nilimzidi umri kwa mwaka mzima. Akiingia, mimi ndiye ninayesimama.

"Karibu kazini, kaka Elia," akaniambia, akanipa mkono.

Nilimchukia pale pale. Vijana mnapenda kusoma kwamba mzee alianza na ndoto njema. Mimi nilianza na wivu. Nilitaka kiti kile kilichokuwa kushoto kwa hakimu, nilikitaka bila mtu ndani yake, na sikuwa na Kiingereza cha kujaza kijiko.

Kazi ya ukalimani ilikuwa na kanuni zake. Ya kwanza: mkalimani hasemi "anasema alimpiga." Anasema "nilimpiga," kana kwamba yeye ndiye mshtakiwa. Wiki yangu ya kwanza mtu mmoja alikiri kumpiga mkewe, Feliksi akageuza, halafu akamrudishia mshtakiwa kwa Kiswahili yale aliyoyaandika Hakimu ili ayathibitishe: "Nilimpiga mke wangu kwa sababu ya uchungu." Mama mmoja aliyeketi nyuma akashtuka.

"He! Na huyu karani naye kampiga mkewe?"

"Mke yupi? Hajaoa huyo!" akajibu mwenzake.

"Ndiyo maana hajaoa!"

Mahakama nzima ikacheka, na mimi mlangoni nikacheka kuliko wote.

Kanuni ya pili ilikuwa kalamu. Hakimu aliandika ushahidi wote kwa mkono wake. Mkalimani hutazama ncha ya kalamu, si uso wa mtu. Ikikimbia, nyamaza. Ikisimama, endelea. Feliksi aliijua kalamu ile kama dereva anavyojua injini.

Sasa nitaeleza jinsi nilivyojifunza sarufi ya Kiingereza, kwa sababu watu huniuliza, nao hawapendi jibu. Nilijifunza kwa makosa ya Feliksi. Kazi moja ya tarishi ilikuwa kumwaga kapu la karatasi. Barua ambazo Feliksi aliziandika, Hakimu alizisahihisha kwa wino mwekundu, zikaandikwa upya, na zile za mwanzo zikatupwa. Mimi sikuzitupa. Saa za chakula cha mchana, wenzangu wakila, niliketi chumba cha mafaili nikizitazama. Kila palipo na wekundu niliuliza: huyu msomi kakosea nini hapa? Nilifurahi kila nilipojua. Furaha hiyo ndiyo iliyonifundisha.

Karani Mkuu alinikuta siku moja.

"Unatafuta nini humo?"

"Makosa ya Feliksi, mzee."

Akanitazama sana, halafu akaingia ofisini kwake, akarudi na kitabu cha sarufi kisicho na jalada. "Basi tafuta vizuri," akasema. "Mtu asiyejua lililo sawa hawezi kuliona kosa."

Kitabu kile kilisema Kiingereza kina aina nane za maneno. Nitazieleza nilivyozielewa mimi. Kuna maneno ya majina, siku hizi mnaita nomino: mtu, mti, asali. Nilijifunza kwamba jina moja huhesabiwa na jingine halihesabiwi. Mizinga miwili husemwa, asali mbili hazisemwi. Kuna maneno ya kusimama badala ya jina, ndiyo viwakilishi, na hayo nitayarudia kwa sababu yaliniaibisha. Kuna vitenzi, na Mwingereza ana njia nyingi za kusema jambo limepita, kwa hiyo ukimwuliza shahidi lini, uliza hasa lini. Kuna vivumishi, maneno ya sifa. Sisi tunamtaja mtu kwanza, halafu sifa yake: mtu mrefu. Mwingereza anatanguliza sifa, mwenyewe anafuata nyuma, kama wapambe wanaomtangulia mtemi. Kwa hiyo mkalimani asikimbie: lazima asubiri sentensi yetu iishe ndipo aipindue.

Kuna vielezi, vinavyoeleza tendo lilitendekaje, na Feliksi alivipenda mno, alivipachika hata pasipohitajika. Kuna vihusishi, maneno mafupi ya kuonyesha kitu kiko wapi. Sisi tunasema "mezani" tukamaliza. Mwingereza anataka kujua ni juu ya meza, kando ya meza au kwenye meza watu wakila. Mtu anaweza kuonekana mwongo kwa kihusishi kimoja. Kuna viunganishi, "lakini" na "kwa sababu," na huko ndiko utetezi wa mshtakiwa unakokaa. Mwisho vihisishi, kama "Lo!" Feliksi aliviruka. Mimi niliona ni kosa, maana mara nyingi "Lo!" ndilo neno pekee la kweli ambalo shahidi amesema siku nzima.

Nane hizo nilizimaliza kwa miaka miwili. Lakini kulikuwa na vineno viwili ambavyo kitabu kiliviweka pamoja na vivumishi, na ambavyo wino mwekundu ulivirudia kuliko vyote: "a" na "the." Nilitaabika navyo. Mwingereza hasemi tu "mzinga." Akisema "a hive" anataka kusema mzinga fulani, wowote, hujaujua bado. Akisema "the hive" ni ule ule tunaouzungumzia, wewe unaujua na mimi naujua. Feliksi alisikia uzuri wa "the," akaimwaga kila mahali kama mpishi wa harusi anavyomwaga chumvi. Hakimu alikuwa akiikata, yeye anairudisha. Nikajiambia: hapa ndipo nitakapompatia.

Nilisubiri hadi mwaka wa tatu.

Aliletwa mzee mmoja mrina asali kutoka pande za kwetu, mzee Maganga, mwenye kovu la moto mkononi. Jirani yake alimshtaki kwamba ameiba mzinga wenye asali. Shtaka likasomwa, Feliksi akaligeuza vizuri, akamalizia: "Ni kweli au si kweli?"

"Mwangaluka, bwana," akasema mzee Maganga.

"Jibu swali, mzee," akasema Feliksi.

"Nimesalimia kwanza, mwanangu. Au huku hakusalimiwi?" Watu wakacheka. "Haya. Nilichukua mzinga, sikatai."

Feliksi akageuza: "I took the hive. I do not deny it."

Kalamu ya Hakimu ikaanza kukimbia. Nami nilijua inaandika nini. Mtu akisema "the hive" baada ya kusomewa shtaka, amekubali mzinga ule ule ulioshtakiwa. Amekiri kosa. Hakuna mashahidi, hakuna maswali, ni jela.

Lakini mzee Maganga hakusema hivyo. Kiswahili chetu nacho kina "the" yake, ila imefichwa tumboni mwa kitenzi. Kama angekusudia mzinga ule wa jirani angesema "niliuchukua." Ile "u" katikati ndiyo inayoonyesha kidole. Yeye alisema "nilichukua." Alichukua mzinga. Upi, hakuna aliyemwuliza. Mtoto wa mrina asali anajua kwamba huko porini swali hilo ndilo la kwanza: mzinga una mwenyewe, una alama iliyokatwa kwenye gome, au ni gogo bovu lililodondoka ambalo kila mtu amelipita? Feliksi alikulia mjini. Asali aliijua ikiwa kwenye chupa.

Nilikuwa nimesimama mlangoni, kofia kichwani. Nikapaza sauti: "Si the! Ni a!"

Mahakama ikalipuka kwa kicheko, maana kwa wasiojua nilikuwa kama mtu aliyepandwa na kichaa. Karani Mkuu akainuka mezani pake. "Elia! Toka nje!"

Hakimu akainua mkono. Kalamu ilikuwa imesimama. Akaniambia kwa Kiingereza niseme nilichotaka kusema. Nikasema sentensi yangu ya kwanza ya Kiingereza mbele ya watu: "Sir, he said a hive. He did not say which hive."

Hakimu akamgeukia Feliksi. "Ni hivyo?"

Nilikuwa nimengoja dakika ile miaka mitatu. Nilitaka abishe. Nilitaka abishe kwa majivuno yake yote ya shule ili nimmalize kwa ile "u" ya katikati. Akafikiri kidogo, midomo yake ikirudia maneno ya mzee Maganga, halafu akasema kwa sauti ya watu wote kusikia:

"Ni hivyo, bwana. Nimekosea."

Hata hapo akanipora. Watu walimtazama yeye kwa heshima.

Hakimu akaacha Kiingereza, akamwinamia mshtakiwa, akauliza kwa Kiswahili chake cha chai: "Mzinga upi?"

"Hilo ndilo nililokuwa nangoja niulizwe," akajibu mzee Maganga. "Uliodondoka kando ya mbuga, umepasuka, hauna alama. Wa jirani yangu una mikato mitatu ya panga, uko mtini hadi leo. Akapande akautazame, kama haogopi nyuki."

Askari walitumwa, wakaukuta mtini na mikato yake mitatu, na nyuki wake wakawapokea vizuri. Mzee Maganga akaachiwa. Alipotoka alinishika mkono kwa mikono miwili, akaniita mwanangu, akanishukuru kwa kumwokoa. Nilipokea shukrani ile. Sikuwa nimemfikiria yeye hata kidogo. Nilikuwa nikimtazama Feliksi.

Siku ile ile niliyopaza sauti, Karani Mkuu aliniita.

"Ulisema kweli," akasema, "ukaisema mahali pasipo pako. Kuanzia kesho utapeleka barua za Kitete, hospitali. Baiskeli ile mbovu."

Nilipanda baiskeli ile mbovu kwa miezi minane, nikijua kwamba Feliksi amekaa kwenye kiti akitafsiri. Kisha ghafla nikaitwa. Nimeteuliwa mkalimani msaidizi, na nikapewa viatu. Niliamini kwamba Hakimu ameitafakari akili yangu, akaona haiwezi kuachwa kwenye baiskeli. Niliamini hivyo karibu miaka thelathini, nikawaambia hivyo wanangu.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa mahakama ya safari. Hakimu alitoka na meza yake, bendera na sanduku la vitabu, tukafuata barabara ya zamani ya misafara. Babu yangu alipita njia hiyo akibeba meno ya tembo kwenda pwani, akarudi na Kiswahili. Tukaketi Kwihara, barazani. Feliksi alikuwa kando yangu ili anione naanzaje, na mimi niliona kwamba amekuja kunisubiri nianguke.

Nikaanguka. Shahidi alisema: "Walikuwa wakigombana, mke na mume, akampiga kwa mwiko." Nikageuza haraka: "He hit her." Hapa ndipo viwakilishi vinapomwua Mswahili. Sisi tuna "yeye" mmoja, mwanamume ni yeye na mwanamke ni yeye, na katika "akampiga" wote wawili wamo bila kuvaa nguo. Mwingereza lazima amvishe kila mmoja: "he" ni mwanamume, "she" ni mwanamke. Nilikuwa nimewavisha vibaya. Mume alikuwa mbele yetu na jicho limevimba, na mkewe amekaa mzima kabisa.

Feliksi angeweza kusimama akapaza sauti kama mimi nilivyopaza. Alijifanya anaokota karatasi, akaninong'oneza: "Kaka Elia, uliza nani."

Nikamwuliza shahidi: "Nani alimpiga nani?"

"Si huyu mama jamani! Mwiko ulivunjika. Mnadhani jicho lile limeumwa na mbu?"

Watu wakacheka, Hakimu akakata mstari akaandika upya, na hakuna mwingine aliyejua kwamba kosa lilikuwa langu. Jioni Feliksi hakulitaja. Ningependa alitaje. Mtu akikusema unaweza kumjibu. Yeye alikula ugali wake, akanisogezea bakuli la maziwa, na mimi nikanywa maziwa yale nikimchukia.

Tulifanya kazi pamoja miaka saba. Kila alichofanya nilikipima. Alioa, nikaoa. Alinunua redio, nikanunua kubwa zaidi. Aliponiuliza maana ya neno la porini, nilimjibu nusu. Nilipomwuliza neno la Kiingereza, alinijibu lote, na mfano juu. Kisha akapandishwa cheo akahamia Dar es Salaam. Siku ya kuondoka alipita ofisini, akagusa mgongo wa kile kiti, akasema, "Nakuachia, kaka." Nilimwambia safari njema. Gari moshi halijatoka stesheni, mimi nilikuwa nimeshakaa.

Nilikaa kwenye kiti hicho hadi miaka mingi baada ya Uhuru, chini ya mahakimu wanne, Waingereza wawili na Watanganyika wawili, na sikumfunga mtu kwa neno nililoligeuza vibaya. Hilo najisifu nalo bila aibu. Vijana walioletwa kwangu kutoka shule kubwa niliwauliza swali moja: "Nilichukua mzinga" na "niliuchukua mzinga," tofauti ni nini? Wengi walikodoa macho. Niliwapeleka kwenye mafaili.

Nilipostaafu, karani wa masjala alifungua faili langu binafsi kuhesabu miaka ya utumishi. Alinipa nilitazame. Katikati, karatasi imegeuka njano, nikakuta barua ya Kiingereza yenye mwandiko ninaoufahamu kuliko wangu. Feliksi alimwandikia Hakimu wiki moja baada ya kesi ya mzee Maganga. Alisema kosa alilofanya yeye lingempeleka mtu jela, na kwamba tarishi anayepeleka barua Kitete ndiye aliyeliona. Akamwomba Hakimu aniteue. Mstari wa mwisho ulisema: "Elia is the man for this work."

Nilisoma nikiwa nimesimama. Karani akauliza, "Mzee, ni mbaya?" Nikamwambia hapana.

Kama angeandika "a man," maana yake ni mtu mmoja kati ya wengine wanaofaa. "The man" maana yake ni yule hasa, hakuna mwingine, hata mwandishi wa barua mwenyewe hayumo. Lakini huyu ni Feliksi, aliyemwaga "the" kila mahali bila kufikiri. Je, alikosea kama kawaida yake, au safari hii alikusudia? Alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Sikwenda kwenye mazishi. Nilisema reli ina matatizo.

Sijamshukuru. Mke wangu anasema nimwombee, nami humwombea, halafu hasira hunipanda kwamba alinizidi Kiingereza mwanzoni, na roho hadi mwisho, na kwamba kiti nilichojivunia kukinyakua nilikuwa nimesogezewa. Simwambii mtu aache wivu. Mimi wangu umenilisha. Ila nawaambia wanaotafsiri sasa: mtu akisema amechukua, ulizeni alichukua kipi. Akisema alimpiga, ulizeni nani.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne, bati jipya upande mmoja. Nina shamba Kwihara, ekari sita, mahindi na karanga. Ng'ombe wawili na ndama. Baiskeli moja nzima. Redio ambayo haisemi. Kamusi mbili, miwani mbili, moja imefungwa uzi. Watoto watano walio hai, wote wamepita shule. Na barua ya Feliksi, ambayo karani wa masjala alinipa niende nayo. Kalamu nyekundu ninayo pia. Barua sijaisahihisha.